Herufi Kumi za Salamabila

Mwanzoni mwa Februari 1871, katika mji wa Kabambare, Mskoti wa miaka 57 alikuwa na vidonda miguuni na hana karatasi. David Livingstone alikuwa amekwama hapo tangu katikati ya mwaka uliotangulia, na kwa muda mrefu hakuweza hata kutoka kibandani. Madaftari yalikuwa yamejaa, wino umekwisha, na watu aliokuwa akiwangoja kutoka pwani ndiyo kwanza walikuwa wanawasili. Akafanya kama alivyoweza. Mwaka ule alichukua magazeti ya zamani, akayageuza ubavu, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa London, mistari yake ikiikata ile ya gazeti kama nyuzi za mkeka zinavyopitana. Wino wake ulikuwa maji ya mbegu za mzingifuri, zile nyekundu ambazo ukizivunja vidole havitakati siku nzima. Gazeti moja kati ya hayo tunalijua kwa jina na tarehe: The Standard la 24 Novemba 1869.

Salamabila ya leo imo katika wilaya hiyohiyo ya Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, mji wa wachimba dhahabu kando ya mgodi wa Namoya. Kampuni ya Kanada, Banro, ilianza kuzalisha dhahabu ya biashara pale mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya vita. Ninayotaka kusimulia hapa ni historia ya kitu kidogo kuliko punje ya dhahabu: jinsi jina la mji huo linavyofika kwenye kioo cha kompyuta na kukaa hapo. Nimeanza na gazeti la mzingifuri kwa sababu swali ni lilelile. Kila herufi inataka mahali pa kukaa. Mahali hapo pakiwa na mwenyewe, nani anabaki?

Barua za Kasongo ya zamani, mji mwingine wa Maniema, hazikuandikwa kwa a, be, che. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye Maniema yote ilimwita Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870. Mwanawe Sefu akaishika baada yake, mpaka jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis lilipoiteka tarehe 22 Aprili 1893. Mji ule uliishi kwa pembe za ndovu na kwa watu waliokamatwa wakauzwa, na Kiswahili chetu cha Maniema, Kingwana, kilikulia kwenye njia hizo. Hilo halisemwi kwa upole. Wafanyabiashara wale waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono ukitoka kulia kwenda kushoto, herufi zikishikana. Tippu Tip mwenyewe alipoandika habari za maisha yake, aliandika kwa herufi hizo. Ni Mjerumani, Heinrich Brode, aliyeyahamisha maandishi hayo kwenye herufi za Kilatini, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Herufi za Kilatini zililetwa na wamisionari na serikali za kikoloni. Askofu Edward Steere alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mtindo wake ukaenea bara. Ni mtindo mwepesi. Hauna kofia juu ya irabu wala mkia chini ya c. Q na x hazina kazi, c haitembei bila h. Kitu pekee kinachozidi ni kile kiapostrofi cha ng'ombe. Watu walioupanga waliwaza shule, Biblia na magazeti. Hawakuwa na habari kwamba miaka mia baadaye kungekuwa na mashine yenye nafasi chache za herufi, na kwamba Kiswahili kingeingia humo kizima, hakuna kilichobaki mlangoni, huku lugha ya aliyetutawala ikikwama.

Mashine yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi ya kutobolewa yenye safu 80, na kila safu ilibeba herufi moja. Themanini hiyo ndiyo upana tunaoufuata mpaka leo. Ukifungua dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta leo, mara nyingi bado unaona kivuli cha kadi ile. Baadaye ikaja mashine ya teletaipu, ambayo kompyuta iliitumia kuongea na mtu kwa kuchapa kwenye bunda la karatasi, herufi kama 10 kwa sekunde. Karatasi haisahau. Kilichochapwa kimechapwa, unakivuta juu, unaendelea.

Kioo ndicho kilicholeta shida mpya, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana wengi huipita sehemu hii haraka. Kioo cha zamani, kile chenye tumbo kubwa nyuma, kilichora kwa mwale uliopiga dawa iliyopakwa ndani ya kioo. Dawa ikipigwa inawaka, kisha inazimika kwa kufumba na kufumbua. Ili neno lionekane limetulia, mwale lazima urudi kulichora upya mara 50 au 60 kila sekunde. Sasa, nani anaukumbusha mwale kilichoandikwa? Karatasi haipo. Lazima kuwe na kumbukumbu, sehemu ya mashine inayoshika kila herufi na nafasi yake, na kifaa kingine kinachoisoma bila kupumzika. Kumbukumbu hiyo waandika programu huiita bafa ya skrini. Unachokiona kwenye kioo ni usomaji wa mara 60 kwa sekunde wa karatasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuishika.

Kompyuta ya IBM iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 iliweka karatasi hiyo mahali ambapo programu yoyote ingeweza kuifikia. Mistari 25, safu 80: vyumba 2,000. Kila chumba kilipewa baiti mbili. Ya kwanza ilikuwa namba ya herufi, ya pili rangi yake na rangi ya nyuma yake. Jumla baiti 4,000, chini kidogo ya kilobaiti nne. Kwenye kadi ya rangi, kile kifaa cha ndani kinachoisoma bafa na kuchora kioo, karatasi hii ilianzia kwenye anwani ambayo kizazi kizima cha waandika programu kiliijua kama namba ya nyumba yao: B800.

Mimi nilijifunza kazi hii kwa mashine kuukuu, iliyowashwa jenereta ilipowaka na kuzimwa mafuta yalipokwisha. Programu ya kwanza niliyoona fahari nayo ilikuwa ya kuandika jina la Salamabila katikati ya kioo bila kuiomba mashine ruhusa. Jina lina herufi kumi. Kioo kina safu 80. Ukitoa kumi zinabaki 70, ukigawa pande mbili unapata 35. Basi S ikae safu ya 35, mstari wa 12, tukihesabu kuanzia sifuri. Anwani inapatikana kwa hesabu ya mtoto wa shule: mstari mara 80, jumlisha safu, kisha mara mbili, kwa kuwa kila chumba ni baiti mbili. Kumi na mbili mara 80 ni 960, na 35 ni 995, mara mbili ni 1,990. Kwa lugha ya Turbo Pascal, herufi ya kwanza iliandikwa hivi:

Mem[$B800:1990] := 83;
Mem[$B800:1991] := 14;

Themanini na tatu ni S. Kumi na nne ni manjano juu ya weusi. Niliichagua rangi hiyo kwa sababu mji ni wa dhahabu, na sikuona rangi nyingine ingelifaa jina lile. Kisha 97 kwa a kwenye 1,992, 108 kwa l, 97 tena, 109 kwa m, na kuendelea mpaka a ya mwisho kwenye 2,008. Baiti 20 kwa mji mzima. Bonyeza, na hapo linatokea lote kwa pamoja, si herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayechapa. Kulikuwa na njia ya adabu zaidi, ya kuupa mfumo wa DOS maneno yako ukauachia uyapange, na njia hiyo ilikuwa salama ila ya polepole. Kila mchezo, kila programu ya hesabu ya duka iliyotaka kuonekana haraka, ilipita njia ya B800.

Njia hiyo ilikuwa na ada yake. Kwenye kadi ya rangi ya kwanza, programu ikiandika kwenye kumbukumbu wakati uleule kioo kinaisoma, wote wawili waligombania mlango mmoja, na kioo kikajaa vipunje vyeupe. Watu wa kazi waliviita theluji. Dawa yake ilikuwa subira: unangoja mwale umalize kuchora na kuanza kurudi juu, ndipo unaandika haraka kabla haujaanza tena. Dawa nyingine ilikuwa nzuri zaidi. Kadi ilikuwa na kilobaiti 16, zinazotosha kurasa nne. Unaandika ukurasa wa pili wakati mtu anautazama wa kwanza. Ukimaliza, unaiambia kadi isome wa pili. Mtazamaji haoni mkono ukiandika. Anaona ukurasa umegeuka.

Wala kioo hakina huruma. Mstari wa 25 ukijaa, mistari 24 ya chini inanakiliwa juu, baiti 3,840, na ule wa juu kabisa unafutwa kwa kuandikiwa. Hauendi popote. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, ililegeza jambo hilo: bafa ikaruhusiwa kuwa ndefu kuliko dirisha, ukawa unaweza kurudi nyuma kusoma kilichopita. Chumba nacho kikapanuliwa hadi baiti nne, mbili za herufi na mbili za rangi. Programu ikapewa kazi ya WriteConsoleOutput, inayochukua mstatili mzima wa vyumba na kuubandika mara moja, na CreateConsoleScreenBuffer, inayotengeneza karatasi ya pili iliyofichika, hila ileile ya kurasa nne ila sasa kwa idhini ya mfumo. Lakini kwenye Windows XP bafa ya dirisha jeusi kwa kawaida ilikuwa mistari 300. Wa 301 ukiingia, wa kwanza unakufa.

Baiti mbili za herufi zilikuja pia kwa sababu ya watu kama sisi, au tuseme kwa sababu ya Kifaransa, lugha rasmi ya nchi yetu. Mpangilio wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na ulitengenezwa na Wamarekani kwa Kiingereza. Kiswahili kiliingia humo bila kubadilisha hata nukta. Kifaransa hakikuingia: é, è, à na ç hazikuwa na nyumba. IBM ikaongeza nafasi 128 nyingine, kila eneo la dunia likapanga zake, na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Windows ya Kifaransa iliyahesabu maandishi yake kwa jedwali moja, na dirisha jeusi la mashine hiyohiyo likayasoma kwa jingine. Namba 233, ambayo kwenye dirisha la kuandikia ni é, kwenye dirisha jeusi ilikuwa Ú. Namba 231, ç, ikawa þ, herufi ya Kiaislandi.

Nimeyaona haya kwenye duka la kuchapa barua, Kasongo. Kijana alikuwa ametengenezewa programu ndogo ya kutoa stakabadhi, na kwenye kioo na karatasini kilichotakiwa kusomeka Reçu kilisomeka Reþu, na décembre ikawa dÚcembre. Mama mmoja mwenye mzigo wa nguo alikataa kulipa. Alisema karatasi yenye alama asizozijua si karatasi ya serikali. Kijana akajaribu kumweleza habari za jedwali, mama akazidi kukasirika. Mwishowe kijana alifuta Kifaransa chote akaandika kwa Kiswahili: Amelipa, Desemba. Mama akaisoma, akaikunja, akaiweka kifuani. Hakukuwa na kosa hata moja.

Nakumbuka furaha niliyoiona siku ile, nami niseme kwa nini haikuwa kamili. Kiswahili hakikuishinda mashine. Kiliandaliwa kabla, na watu waliokuwa na mambo yao, na njia ya kukiandaa ilikuwa kuyaacha maandishi ambayo Kasongo ilikuwa nayo kwanza. Lakini kwa mtu wa kawaida faida ilikuwa ya kweli na bado ipo. Ujumbe wa simu, ambao Friedhelm Hillebrand aliupimia herufi 160 mwaka 1985, unatumia jedwali dogo lenye é na è lakini lisilo na ç ndogo wala ê. Tia herufi moja ya hizo, na simu inahamia kwenye mpango mpana ambapo ujumbe unabeba herufi 70 tu. Anayemwandikia ndugu yake kwa Kiswahili kutoka Salamabila anapata 160 zake zote. Anayeandika Kifaransa sahihi anaweza kulipia ujumbe mara mbili kwa ajili ya mkia wa c moja, na ndiyo maana vijana wengi huuacha mkia huo.

Kwa upande wa pwani, kazi ya kuifanya kompyuta yenyewe iongee Kiswahili ilifanywa na watu tunaoweza kuwataja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004: orodha, maelezo na maonyo, yote kwa Kiswahili, katika nchi ambayo mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini nayo iliandikwa kwa herufi za Steere.

Sasa turudi Kabambare. Karatasi za Livingstone zilivuka bahari, zikakaa Uingereza na Uskoti, na wino wa mzingifuri ukafifia kadiri gazeti lilivyozidi kuwa na madoa. Mwishowe jicho liliona maneno ya London yakiwa meusi na maneno ya Maniema yakiwa kama jasho lililokauka. Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki kilitoa kwanza barua ya tarehe 5 Februari 1871, ile aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller kutoka Kabambare, na mwaka uliofuata shajara yenyewe. Walipiga picha ukurasa uleule mara nyingi bila kuusogeza, kila mara kwa mwanga wa rangi moja, kuanzia ile isiyoonekana iliyo juu ya zambarau hadi ile isiyoonekana iliyo chini ya nyekundu. Wino wa mchapaji una masizi, na masizi hubaki meusi katika mwanga wote. Mzingifuri hauko hivyo. Chini ya nyekundu unatoweka kabisa, kana kwamba Livingstone hakuwahi kuandika. Kwenye buluu unarudi.

Kompyuta ilipewa picha hizo mbili, ya buluu na ya chini ya nyekundu, nukta kwa nukta, na kazi yake ikawa kutoa moja katika nyingine. Kilichopo kwenye picha zote ni London, kiondolewe. Kinachobaki ni Maniema. Mtu aliyewahi kuandika kwenye bafa ya skrini anaielewa kazi hiyo mara moja, kwani kila nukta ina anwani yake, na anwani ileile kwenye picha ya pili ni nukta ileile. Tofauti ni moja tu, na ndiyo inayonigusa. Kwenye B800, herufi mpya ikiingia chumbani ya zamani haipo tena. Karatasi ya Kabambare ilizishika zote mbili kwa miaka 139. Kati ya yaliyosomeka upya yamo maneno aliyoandika katika mji wa Nyangwe baada ya tarehe 15 Julai 1871, siku wafanyabiashara walipowapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake, na wengine kuzama katika mto Lualaba wakikimbia.

Baada ya kusoma habari za karatasi ile nilitaka kufanya jambo moja, nikalifanya. Unicode, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1991, imezipa nyumba herufi za Kiarabu pia, na chumba cha bafa ya Windows kina nafasi ya kutosha kuzibeba. Basi nikaiandika tena programu yangu ya ujana. Mstari ule wa 12, rangi ileile ya 14, jina lilelile, ila kwa maandishi ambayo karani wa Sefu angeyasoma: sini, lamu, alifu, mimu, alifu, be, ye, lamu, alifu. Sikuweka fataha wala kasra, maana alama inayokaa juu ya herufi haina chumba chake, na gridi ya vyumba haijui kumpakata mtu.

Bafa ilizipokea zote tisa. Nilipoiuliza kilichomo, ilinijibu namba sahihi. Kioo kikazichora zikiwa zimeachana, kila moja peke yake ndani ya chumba chake, sini ikiwa kushoto kabisa na alifu ya mwisho kulia.

Nikasogeza kiti, nikazisoma kutoka kulia, kama zinavyosomwa. Alifu, lamu, ye, be.

Nimeihifadhi programu hiyo. Kila nikibadilisha kompyuta naiendesha kwanza, kabla ya kazi nyingine, kuangalia kama sini imehama.